Uliza Chai Kabla ya Kitanda

Mtu wa Ihanda akisema anakwenda bandarini, jirani hudhani anakwenda Dar es Salaam. Si kosa lake. Malori yanayonguruma usiku kucha kuelekea Tunduma, mengine yakivuka kwenda Zambia na Kongo, yamepakia mizigo ya bandari ile, na kwetu bandari imekuwa neno la madereva. Lakini ipo nyingine iliyo jirani zaidi, ya siku moja kwa Coaster, ambayo wengi wetu tunaisikia tu kwenye hadithi za samaki. Ni Matema, kijiji cha wilaya ya Kyela kilichoko kwenye kona ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, pale Milima ya Livingstone inapoingia majini bila kupiga hodi. Kila nikirudi kutoka huko naulizwa yale yale: ulilala wapi, ulikula nini, mamba je? Nimeona niyaandike, maana nimechoka kuyajibu dukani.

Gesti tunazozijua sisi ni za barabarani. Ukilala Tunduma au Vwawa umenunua godoro, mlango wenye komeo, na ndoo ya maji ikipatikana. Dereva anaondoka saa kumi alfajiri, chai atainywa mbele ya safari. Ziwani utasikia maneno mengine: chumba na chai. Yaani bei moja, ndani yake kitanda cha usiku na kifungua kinywa cha asubuhi. Maneno yenyewe mepesi, na hapo hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza.

Ilikuwa Septemba, mwezi ambao mkulima wa kahawa wa Mbozi huwa na senti mfukoni. Nilifikia kwenye gesti moja ndogo ya mama mtu mzima na wajukuu zake. Nikalipa, nikauliza kama chai imo kwenye bei, nikaambiwa imo. Nikaridhika. Jioni hiyo hiyo nikakubaliana na kijana mmoja mwenye mtumbwi anipeleke Ikombe saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na moja na nusu nimeshavaa, nimesimama mlangoni mwa jiko.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umelalaje?”

“Salama. Nilikuwa naulizia ile chai.”

“Chai ipo. Ila vitumbua vinangoja moto, na moto unangoja mimi nirudi mwaloni. Nisipowahi samaki sasa hivi, mchana mtakula nini?”

Akajitwika beseni, akaenda zake. Kijana wa mtumbwi naye alikuwa ananipigia mluzi. Nikaenda Ikombe na njaa ya watu wawili, na vitumbua nilivyovilipia wakavila wajukuu. Wala sikuwa na wa kumlaumu. Niliuliza kama chai imo, sikuuliza saa ngapi.

Tangu siku ile nimeelewa kwamba kwenye kijiji cha bandari saa haikai ukutani. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa usiku, hurudi kunapopambazuka, na samaki huuzwa pale pale mchangani kabla jua halijawa kali. Mitumbwi ya abiria nayo huwahi asubuhi, kwa sababu ziwa la asubuhi ndilo lililotulia. Jinsi mchana unavyosogea ndivyo upepo unavyoamka. Mwenye gesti yumo humo humo ndani ya ratiba hiyo. Hawezi kuwasha jiko na huku akawa mwaloni. Kwa hiyo chai ya gesti huja saa mbili, saa mbili na nusu, wakati mambo yote mazuri ya asubuhi yameshapita.

Dawa yake ni ndogo. Jioni, kabla hujalipa, mwambie mwenyeji kesho unatoka saa ngapi na unakwenda wapi. Omba chai iwekwe kwenye chupa usiku ule ule, na vitumbua au mandazi yafunikwe kwenye sahani chumbani kwako. Sijawahi kukataliwa. Vitumbua vya Kyela vilivyolala havina aibu yoyote, vinatengenezwa kwa mchele wenyewe wa Kyela, na harufu yake haiishi usiku mmoja. Siku ambayo huna safari, lala mpaka jua litoke, ukainywe chai hiyo ikiwa moto pamoja na ndizi za kuchemsha. Ila usitegemee kahawa. Nasema haya kwa uchungu wa mkulima: utatoka Mbozi ulikoacha kahawa imeanikwa, utapita katikati ya mikakao ya Kyela, halafu asubuhi uwekewe maji ya moto na kopo la kahawa ya unga iliyotengenezwa Bukoba. Mimi siku hizi nabeba yangu kwenye mfuko. Mama wa gesti akishaionja mara moja, safari inayofuata anakuulizia yeye.

Tukirudi kwenye bei. Uliza kama ni ya chumba au ya mtu, kwa sababu kuna sehemu chumba ni kimoja lakini chai ni ya mtu mmoja, na mkeo akakuta anatakiwa kulipia kikombe. Uliza kama choo na bafu vimo ndani, yaani chumba self kama tunavyosema, au ni vya nje vya wote; vya nje si dhambi, mradi ujue usiku utapita wapi na kama taa ipo. Omba kukiona chumba kwanza. Wenyeji hawakasiriki, na atakayekasirika amekusaidia kuamua. Ukishaingia, washa feni, fungua bomba, kisha nyosha mkono uguse chandarua juu ya kitanda. Kishushe chote, ukitazame kwenye mwanga wa dirisha. Matundu yanafungwa kwa uzi hapo hapo. Ukinyamaza, mbu watakukumbusha saa nane usiku.

Hapo kwenye chandarua nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wa kwetu wanapoumia. Sisi tunaishi zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko kwenye mita 475 hivi. Maana yake, katika safari ya siku moja unashuka zaidi ya kilomita nzima kwenda chini, kutoka nchi ya sweta hadi nchi ya jasho. Mbu wa malaria anaipenda nchi ile ya chini, yenye joto, mvua nyingi na majaruba ya mpunga. Mtoto aliyekulia Kyela mwili wake umeshapambana na ugonjwa huo mara nyingi. Wako wa Ihanda haujazoea hivyo. Funga chandarua kabla ya giza, vaa mikono mirefu jioni mnapoota upepo ufukweni, na mwenye mimba au mtoto mchanga asiende kabla ya kuzungumza na kliniki. Kisha lililo muhimu kuliko yote: malaria haikukamati siku uliyoumwa na mbu. Huchukua siku saba, wiki mbili, wakati mwingine zaidi. Utakuwa umesharudi nyumbani, umeshasahau, halafu homa ianze na watu waseme ni baridi ya Mbozi. Nenda zahanati ukapimwe, na mwambie mganga kwa kinywa chako kwamba ulilala ziwani.

Sasa daftari. Kila gesti ina daftari la wageni, lile refu lenye mistari iliyochorwa kwa rula: jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, namba ya kitambulisho. Huku kwetu tumezoea kuandika ovyo ovyo. Kyela ni wilaya ya mpakani, Malawi iko ng’ambo ya Mto Songwe pale Kasumulu, na daftari lile husomwa na watu wenye kazi ya kulisoma. Beba kitambulisho cha taifa, andika kinachosomeka. Ukiandika kwamba unatoka Mbozi, jiandae kuulizwa habari za kimondo. Mhudumu ataweka kalamu chini na kukuuliza kama ni kweli kina tani 12 na kama kweli kilidondoka kutoka mbinguni. Mimi nilikuwa nimekiona mara moja tu, nikiwa darasa la tano, tukiwa tumepangwa mstari kwenye jua. Niliona haya kidogo. Safari ya pili nilikuwa nimeshakwenda Ndolezi kukitazama upya, kwa sababu tu ya yule dada wa mapokezi.

Jambo jingine la mapokezini, na hili limewaliza vijana: gesti nyingi hazikubali wanaume wawili kulala chumba kimoja, hata muwe mtu na mdogo wake wa tumbo moja. Usifike saa tatu usiku ukaanza kubishana. Piga simu mapema, au hesabu vyumba viwili kwenye bajeti. Kama mnakwenda familia, zipo nyumba za wageni za kanisa, maana Walutheri wana mizizi ya siku nyingi Matema. Huko bia hutaiona, kelele za muziki hutazisikia, na watoto watacheza kwenye mchanga mbele ya mlango. Mwenye kiu ya aina nyingine akae kwingine, asije kuwasumbua wenyeji kwa kuficha chupa kwenye begi.

Njiani hakuna mengi ya kusema. Kutoka kwetu unapanda gari hadi Mbeya, unatafuta la Kyela kwenye stendi ya Nane Nane, unapita Tukuyu kwenye chai na migomba, na huku chini unachepuka kupitia Ipinda. Lami inafika. Ondoka alfajiri ili jua la mwisho likukute umeshapata chumba. Chukua pesa taslimu ukiwa Mbeya au Kyela mjini. Mawakala wa simu wapo kijijini, lakini wakala naye huishiwa. Na ingawa nimesema ni nchi ya jasho, usiache sweta. Utajua sababu yake baadaye.

Kuhusu majira, ningekushauri Septemba na Oktoba, kahawa ikiwa imeshauzwa na jembe la mahindi bado linapumzika. Kyela ni miongoni mwa sehemu zinazonyeshewa sana Tanzania nzima, na Aprili utakaa gesti ukihesabu mabati. Mei hadi Agosti kuna upepo wa kusini. Huo usiudharau. Ziwa lina urefu unaozidi kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini, na Matema iko mwisho kabisa huku kaskazini. Wimbi lililozaliwa mbali huko Malawi linakuwa na njia ndefu ya kunenepa kabla halijakufikia wewe na mtumbwi wako.

Basi, kama mwenye mtumbwi anasema leo hatutoki, usimwongezee pesa. Hiyo ndiyo tabia mbaya kuliko zote za wageni wenye haraka. Meli ya Vipya ilizama kwenye ziwa hili Julai 1946, ikiwa bado mpya, wakafa watu 145. Nayo ilikuwa meli ya chuma, si mti uliochongwa. MV Bukoba ya 1996 wote tunaikumbuka. Kabla ya kupanda chombo chochote uliza boya la kuvaa, ulivae wewe mwenyewe na umfungie mtoto, hata kama wenyeji wanacheka. Na ukitaka safari ndefu ya meli kwenda Lupingu, Manda, Liuli hadi Mbamba Bay, usitegemee tarehe uliyoambiwa na shemeji. MV Mbeya II inachukua abiria 200 na mizigo tani 200, na ratiba yake ithibitishe kwa watu wa bandari wenyewe, siku chache kabla. Acha siku mbili za ziada kwenye likizo yako. Meli ikichelewa hutakuwa mgonjwa wa presha, utakuwa mgeni wa gesti kwa siku mbili zaidi.

Kuoga ziwani nako kuna maswali mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni mamba. Mamba wanapenda midomo ya mito, na karibu na Matema unaingia Mto Lufilyo. Huko usioge, usifue, usipige picha ukiwa umezama magotini. Oga pale wanapooga wenyeji, muda wanaooga wao. La pili ni kichocho, na hapa kuoga na wenyeji hakukusaidii, kwa sababu nao wanakipata. Konokono wanaobeba vimelea vyake hukaa kwenye maji yaliyotulia na majani. Chagua mahali penye mchanga na mawimbi, epuka matete, jikaushe kwa taulo mara utokapo. Miezi miwili baada ya kurudi, pima. Dawa ipo, haichukui muda, na ni nafuu kuliko kujificha.

Sasa usiku. Chagua usiku wa giza, mwezi ukiwa haujakua au umeshaisha. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, wavuvi wengi hulala kwao. Lakini usiku wa giza, keti tu kwenye kibaraza cha gesti utazame majini: taa moja, taa tano, halafu mstari mrefu, hadi utadhani ng’ambo kuna mji ambao mchana hukuuona. Asubuhi yake shuka mwaloni. Dagaa hupimwa kwa ndoo, na ukiwa mgeni utatajiwa bei ya mgeni. Mtume mama wa gesti akununulie, mpe na chake kidogo. Kwa chakula cha mchana agiza samaki asubuhi, usisubiri saa saba ndipo uulize kuna nini, kwa sababu jibu litakuwa hakuna. Na ukiona juu ya ziwa moshi mrefu unatembea, mweusi, unapinda kama mkia, usidhani meli imewaka. Ni wadudu wadogo sana waitwao kungu, wanaotoka majini kwa mamilioni. Moshi ule ukielekea kijijini, funga dirisha na funika chai.

Salamu nazo zina bei yake. Wanyakyusa husalimiana kwa kuulizana usingizi: ugonile, umelala? Kwa mkubwa, au kwa watu wengi, ni mugonile. Mtu wa Mbozi hawezi kukwama hapo, kugona tunakujua. Na ukipewa kitu, sema ndaga. Niliona tofauti katika siku moja. Asubuhi niliposalimia kwa Kiswahili cha ofisini niliitwa bosi. Jioni nilipomwambia yule mama mugonile, alinivutia kigoda karibu na jiko, nikaambiwa nichambue mchele. Mgeni anayechambua mchele hasahauliwi chai.

Ikombe niliyoikimbilia na njaa ni kijiji cha Wakisi, kusini-mashariki mwa Matema, kinachofikiwa kwa mtumbwi. Kazi ya kule ni vyungu, na wafinyanzi ni wanawake. Hawana gurudumu. Mmoja niliyemtazama alikuwa ameketi na udongo mbele yake, anauzungusha kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unaupandisha ukuta taratibu, kisha akaokota kipande cha kibuyu na kuulainisha kwa ndani. Hakuzungumza hata neno hadi mdomo wa chungu ulipokaa sawa. Vyungu hivyo huletwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, jirani kabisa na Matema, ambalo siku yake ni Jumamosi. Kama huna nafasi ya kwenda Ikombe, panga usiku wako wa gesti uwe Ijumaa. Ukifika sokoni, inua chungu, kigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia. Chenye ufa hujibu kama mtu mwenye mafua. Nunua kikubwa cha maji kuliko vidogo vitatu vya mapambo. Cha maji kitapoza maji jikoni kwako miaka mingi, vidogo vitakaa juu ya kabati na kuzoa vumbi.

Shida ni kukifikisha. Mama wa gesti ndiye aliyenifundisha: kijaze majani makavu ndani, kisha kivishe nguo nzito nje, halafu kisipande juu ya gari kamwe. Nikakivisha sweta langu, mikono nikaifunga fundo shingoni mwake. Pale Ipinda kondakta alikitazama, akanitazama mimi, akanitoza nusu nauli kwa ajili yake. Nililipa bila neno. Tulipanda nacho mapajani hadi Tukuyu, na pale Tukuyu mvua ikaanza, madirisha yakafungwa, baridi ikapenya kwenye shati la ziwani nililokuwa nimevaa. Nilivumilia hadi Uyole. Hapo nikafungua lile fundo, nikakivua chungu sweta, nikalivaa mwenyewe, na chungu kikaja uchi hadi Ihanda.